Sikio Bila Kinywa

Siku ya kwanza niliyosema na Papa Foni, alinipa moja juu ya tano.

Mama alikuwa amenituma nikamwombe atuchajie simu kwenye plake yake ya jua. Nilisimama mbele ya meza, nikasema nilichotumwa, naye akanitazama midomo kama mtu anayejaribu kusoma kibao cha mbali.

"Nguvu moja juu ya tano," akasema. "Nasikia kama muntu iko pale, lakini sijui kama iko anaomba chumvi ao iko anazama. Rudilia. Kwako."

Nilirudilia. Akanipa moja na nusu, akaongeza kwamba hiyo nusu ni ya huruma.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Sasa nina kumi na sita, niko darasa la nne la sekondari, na bado walimu wananiambia "sema kwa sauti" hata kabla sijafungua kinywa. Naandika juu ya mzee huyu kwa sababu katika daftari hakuna nguvu moja wala tano, kila neno linafika sawa. Sijui alizaliwa wapi wala ukoo wake ni upi. Jina lake la kwenye karata ya kitambulisho nililiona mara moja tu, na sitaliandika, kwa kuwa hata mwenyewe hakulitumia. Kwa avenue yetu nzima alikuwa Papa Foni, basi.

Foni ni ile redio ya kusemea ambayo parokia na maduka makubwa yalikuwa nayo kabla simu hazijatufikia. Watu walipanga mstari mlangoni pake wamsalimie ndugu aliye Kalemie au Bukavu. Yeye ndiye aliyeshika mikro, akasema kwa niaba yao: ndoa, msiba, deni, mtoto amezaliwa. Simu zilipofika, mstari ukaisha kama maji kwenye mchanga. Alibaki na meza yake chini ya baraza ya mabati, akitengeneza redio za watu. Kisha komite ya wenye boti ikampa kiti. Kiti hicho kilikuwa heshima yake yote iliyobaki. Kazi yake ilikuwa moja, kusikiliza boti zinazotoka Baraka na kwingine kuja bandari yetu ya Kalundu, hapa Uvira, ili zikipata shida ziwani awepo mtu wa kuitika.

Mezani alikuwa na mashine mbili. Ya kwanza ni foni, kubwa, ya kijivu, ambayo spika yake ilikufa zamani. Iliweza kusema tu. Ya pili ni skaneri, nyeusi, ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia, nayo iliweza kusikia tu.

"Hii ni sikio bila kinywa," aliniambia. "Kama weye. Usione haya. Redio yote inaanzaka na sikio."

Sijawahi kusemwa vibaya kwa uzuri kiasi kile. Kesho yake nilirudi na daftari.

Nilitaka kujua maana ya maneno aliyoyatupa hewani kama mtu anayelisha kuku. Frekansi. Kanali. Skwelchi. Rele. Hakuna neno aliloeleza kwa neno jingine la kitabu, alitoka nje ya baraza akatafuta mfano barabarani. Skaneri, alisema, ni mama anayepita sokoni Mulongwe asubuhi. Anasimama kidogo mbele ya kila meza, anaona hakuna mwenyewe, anasogea. Meza yenye mtu anayesema, anasimama hapo mpaka maneno yaishe. Frekansi ni mahali meza ilipo, na mahali hapo hapabadiliki hata mwenye meza akifa. Kanali ni namba tu ambayo weye mwenyewe umeipa ile meza ili usisahau. "Kwa hiyo," akasema, "kanali tatu yangu na kanali tatu ya muntu wa Bujumbura si kitu kimoja. Muntu akikuambia tukutane kanali tatu, umuulize: tatu ya nani?"

Rele alinionyesha kwa kidole, juu, kwenye milima inayotuegemea mgongoni. Sauti ya redio ya boti haipandi mlima, inagonga na kufa. Lakini ukiweka mashine kileleni, ikapokea upande huu na kusema upande ule, watu wa ng'ambo wanakusikia. Alipenda sana rele. Alisema ni mashine pekee isiyoongeza neno lake.

Ndiyo maana alimcheka na kumpenda mfugaji mmoja wa Hauts Plateaux, nyanda za juu milimani, aliyekuwa akishuka kwa miguu enzi za foni kutuma habari za ng'ombe zake. Siku moja mfugaji alituma ujumbe kwamba ile nyekundu imezaa. Papa Foni akausema hewani, kisha akamrudilia mfugaji kila neno, kama kazi inavyotaka, ili mwenye ujumbe asikie kama ndivyo. Mfugaji akatikisa kichwa.

"Hapana. Umesahau kukohoa."

"Kukohoa?"

"Nilikohoa kabla ya kusema nyekundu. Ndugu yangu asiposikia kikohozi atajuaje kama ni minye mwenyewe niko nasema?"

Papa Foni akashika mikro tena, akakohoa, akasema nyekundu. Alinieleza habari hii mara tano au sita na kila mara alikohoa palepale. "Kurudilia ni adabu," alimalizia. "Muntu akikupa neno, umuonyeshe neno yake iko salama kwako."

Sasa skwelchi. Neno hili nimeliandikia kurasa mbili, na ndilo lililonifanya nianze haya yote.

Redio isiyopokea sauti ya mtu haikai kimya. Inapiga kelele, shaaa, mfululizo, kama mafuta yanayokaanga. Skwelchi ni kifungo cha kuzungusha kinachonyamazisha hiyo kelele. "Ni sentinele wa mlangoni," Papa Foni alisema. "Ukimulegeza, kila muntu anaingia, na kelele inaingia. Ukimukaza, anafungulia wale wenye sauti ya nguvu tu. Ukimukaza sana," na hapo alishusha sauti, "hata mugeni wako mwenyewe, mwenye amechoka, mwenye batri yake iko inakufa, anagonga polepole na sentinele anasema: hakuna muntu. Na weye uko ndani unakunywa chai. Unasema leo iko kimya, kumbe iko muntu kwa mulango."

Kwa sababu hiyo alikuwa na kanuni. Asubuhi, boti zikiwa bado zimefungwa, aliweka skwelchi pale kelele inapokatika tu, na skaneri ikatembea sokoni kwake. Mchana, boti zikiwa majini, aliisimamisha kwa mkono kwenye frekansi ya ziwa na kulegeza skwelchi mpaka kelele ijae baraza. Ikilegezwa hivyo haiwezi kutembea tena, maana inadhani ile kelele ni mtu. Mahali pa kulegeza alikuwa amepatia alama kwa verni nyekundu ya kucha, aliyomwomba binti yake.

Majirani waliteseka. Mama Neema wa nyumba inayofuata, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, alikuwa akipaza sauti juu ya ukuta wa matete:

"Papa Foni! Hiyo mashine iko inakaanga nini tangu asubuhi?"

"Inakaanga samaki!"

"Basi leta tukule! Tumechoka kusikia mafuta tu!"

Kelele ya mashine aliivumilia siku nzima, lakini kelele ya watu hakuiweza. Wawili wakisema kwa wakati mmoja mbele yake, aliinua mkono: "Mumegongana! Hakuna mwenye nimepata." Mezani, hata akiomba chumvi, alimaliza na "kwako," ili ujue zamu imefika kwako, na ukimjibu kabla ya hapo alikaa kama hakusikia. Mtu huyu aliyedai kila kitu kiwe sawasawa alivaa saa iliyokuwa nyuma kwa masaa mawili. Alisema ni saa ya watu wa redio wa dunia nzima, na Uvira ndiyo inayokimbia. Vijana wawili walikosa boti ya Kalemie kwa kumuuliza saa.

Alikuwa na mambo asiyoyasikiliza. Kulikuwa na frekansi za askari, na nyingine za watu wanaoongea mambo ya nyumbani mwao bila kujua wanasikika. Zote aliziwekea kufuli, kifungo kinachoifanya skaneri iziruke. Kijana mmoja alifika akamwahidi kitu amfungulie moja. Papa Foni alimtazama midomo mpaka akamaliza, kisha akasema, "Sikio iko na adabu yake. Hiyo si meza yetu." Nilijivunia kuwa mtu wa meza yetu.

Na hakusema kwaheri. Watu wa foni wakimaliza husema "mwisho", lakini yeye aliliogopa neno hilo, hakulitumia kwa mtu aliye hai. Ukiondoka alisema, "Nabaki nasikiliza."

Hayo ni ya kufurahia. Sasa nitaandika yale niliyoficha.

Tangu nilipofika miaka kumi na minne, alikuwa ananikalisha karibu na skaneri mchana. Anauliza, "Unasikia nini?" Nasema, "Kelele." Anasema, "Ndani ya kelele?" Nasikiliza tena. Nilidhani ananifundisha. Siku moja alikwenda kilioni, avenue ya tatu, na akaniachia kiti. Mara ya kwanza peke yangu.

"Kitu ikisema, uitike kwa foni. Bonyeza, sema 'Kalundu nasikia', kisha utume muntu aniite."

Niliomba Mungu kitu kisiseme.

Mama Neema hakuwepo, alikwenda Baraka kununua ndagala na alikuwa anarudi kwa boti siku ileile. Alikuwa amemwachia dada yake mtoto, mchanga wa miezi minne. Mtoto alilia tangu asubuhi. Mchana huo akasinzia hatimaye, na dada mtu akatokeza kichwa juu ya matete.

"Weye mutoto! Zima hiyo kitu! Huyu ndiyo amelala sasa, unataka aamuke?"

Jibu nilikuwa nalo. Boti ziko majini, haifungwi. Maneno manne. Niliyapanga kichwani, yakakaa vizuri, yakakataa kutoka. Yule mama aliendelea kunitazama. Basi nikanyoosha mkono nikakaza skwelchi, kidogo, halafu zaidi, mpaka baraza ikanyamaza. Akaniambia aksanti. Nilijisikia nimefanya kitu chema bila kufungua kinywa. Taa ya skaneri ilikuwa inawaka, kanali ya ziwa ilikuwa palepale, nikajiambia boti ikisema nitaisikia. Kurasa mbili nilizoandika kwa mkono wangu zilikuwa mapajani.

Papa Foni alirudi baada ya kama masaa mawili. Hakuuliza kitu. Aliinama juu ya skaneri, akaona kifungo kiko mbali na alama nyekundu, akakirudisha. Shaaa. Akanigeukia usoni.

"Unasikia nini?"

Ndani ya kelele, mbali sana, kama mtu aliye chini ya magodoro, mwanaume alikuwa anasema Kalundu, Kalundu, motori imekufa, tuko Makobola, upepo iko inatusukuma. Alisema kama mtu aliyekwisha kusema mara nyingi na hangoji tena.

"Boti," nikasema. Sauti yangu ilikuwa nguvu nusu. "Makobola. Motori."

Alishika mikro kabla sijamaliza.

Boti nyingine ilitumwa, ikawafikia jua likiwa bado juu ya milima. Hakuna aliyekufa. Magunia ya ndagala yalitupwa majini ili boti iwe nyepesi, na Mama Neema alipotelemka Kalundu alikuwa amekauka midomo, maziwa yamelowesha kitambaa chake. Alipita mbele yangu akienda kumchukua mtoto. Kwa kumlaza mtoto, nilikuwa nimemfungia mama yake mlango.

Komite ilikaa chini ya baraza ileile. Nahodha alisimama.

"Papa, tuliita tangu saa saba. Uliitika saa tisa. Batri ilikuwa ndogo, sawa, lakini tuliita. Nani alikuwa kwa kiti?"

Nilikuwa nimesimama nyuma, karibu na matete. Papa Foni hakunitazama hata kwa jicho la pembeni.

"Kiti ni yangu," akasema, akajigusa kifua. "Minye njo nilikuwa."

"Ulikuwa unalala?"

Akanyamaza. Wakachukua ule ukimya kuwa jibu. Kesho yake vijana wawili wakabeba foni kwenda bandarini, kwa mwingine. Watoto wa avenue wakaanza kumwita Papa Usingizi. Nami nilikuwa na maneno tayari, yote yamepangwa vizuri.

Alibaki na skaneri, ambayo ilikuwa yake. Aliendelea kunipokea na kuniuliza nasikia nini. Hakuwahi kutaja siku ile, nikajidanganya kwamba hakuelewa. Halafu maji ya ziwa yakapanda mpaka kwenye meza, na binti yake akashuka kutoka Bwegera kumchukua. Nilimsikia akimwambia mama yangu, "Muzee mwenye analala kazini, nitamwachaje peke yake?" Papa Foni alikuwa hatua mbili kutoka pale na hakugeuka. Aliniambia, "Nabaki nasikiliza." Gari likaenda.

Mwezi huu mama alikuwa anakwenda Bwegera kununua mpunga. Nikamwomba twende wote. Njia nzima, vumbi la bonde la Ruzizi likiingia dirishani, nilipanga maneno.

Tulimkuta uwanjani, kwenye kiti cha mbao, akifukuza ndege kwa fimbo yenye mfuko wa plastiki. Banamama kama sita walikuwa wanapiga mpunga, binti yake kati yao. Alinitambua mara moja, akacheka bila sauti. Nikainama, nikamwambia yote sikioni, polepole, kama nilivyopanga.

Akangoja mpaka nikamaliza. Kisha akasema, kwa sauti kubwa ya watu wasiojisikia, "Sipate kitu. Nguvu sifuri. Rudilia, na usimame mbele, nione kinywa."

Binti yake akapaza sauti kutoka kwenye mpunga: "Hasikiake tena, mudogo! Umusemeshe kwa nguvu!"

Banamama wakasimamisha fimbo. Wote walinitazama. Miguu yangu ilitaka kwenda gari lilipo. Nikamtazama usoni, nikaona jinsi anavyoitazama midomo yangu, sawasawa na ile siku ya simu, na ndipo nikaelewa kwamba hata wakati ule uziwi ulikuwa tayari umeanza.

"Papa!" nikasema. Ndege waliruka. "Ile siku ya boti haukulala! Ulikuwa kwa kilio! Minye njo nilikuwa kwa kiti! Minye njo nilikaza skwelchi, kwa sababu niliogopa kumujibu mama mumoja! Na kwa komite nilinyamaza! Unisamehe! Na aksanti! Kwako!"

Binti yake aliweka fimbo chini.

Papa Foni alikohoa, palepale pa kukohoa, kisha akarudilia neno kwa neno, mbele ya wote: sikulala, nilikuwa kwa kilio, weye njo ulikuwa kwa kiti, weye njo ulikaza skwelchi kwa kuogopa mama mumoja, kwa komite ulinyamaza, unaomba samahani, unasema aksanti. "Ni vile?"

"Ni vile."

"Nilijuaka. Kifungo haijizungushake yenyewe." Akavuta fimbo yake karibu. "Sasa minye pia niko na ujumbe. Ile siku, hata minye kama ningekuwa kwa kiti, nisingesikia ile boti. Masikio ilikuwa inakwenda. Nilirudisha kifungo, sikusikia kitu. Niliona sura yako tu. Weye njo ulisikia. Ningewaambia komite nini? Kwamba sikio yao ni ya mutoto wa jirani? Nilinyamaza kwa ajili yako, na kwa ajili yangu pia. Tuko sawa. Kwako."

Binti yake alikuja akamfunika mabega kwa kitenge, ingawa jua lilikuwa kali, na akabaki ameshika mabega yake hivyo kwa muda mrefu.

"Na nguvu?" nikauliza. "Nimepata ngapi?"

"Nne."

"Nne tu? Ndege zote zimekimbia!"

Banamama wakacheka. Yeye pia. "Ya tano iko kwa Mama Neema," akasema. "Wende uitafute kule. Nabaki nasikiliza."

Tumerudi leo mchana. Naandika haya nyuma ya nyumba. Upande wa pili wa matete Mama Neema anapepeta ndagala, mtoto wake sasa anatembea, anamfukuza kuku. Mara mbili ameninyooshea shingo.

"Weye mwenye kutoka Bwegera! Muzee iko aje? Ao ulikwenda tu kuangalia mupunga?"

Ameuliza swali. Kwa kanuni ya meza yetu, hiyo ni "kwako". Nafunga daftari, naenda mbele yake, anione kinywa.